Nafuu ya kodi kwa magari ya umeme: fedha hubaki mfukoni mwa nani?

Hotuba kwa wanachama wa vyama vya akiba na mikopo (SACCO), Jinja, Uganda

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wetu, akina mama wa vikundi vya akiba, vijana wa steji za bodaboda, ndugu wanachama nyote: hamjambo.

Tuanze na hesabu. Mwaka 2024 mtu alipoingia katika duka la magari Marekani na kuchagua gari la umeme la dola 45,000 lililotimiza masharti, aliweza kukatiwa dola 7,500 palepale na kulipa 37,500. Muuzaji naye alirudishiwa zile 7,500 na serikali. Ukiuliza ni nani aliyefaidika, wengi watajibu: mnunuzi. Wapo walionunua hisa za kampuni za magari kwa jibu hilo, wakapata hasara kwa sababu hawakuuliza swali la pili: gari lile lingeuzwa bei gani kama nafuu isingekuwepo?

Kama lingeuzwa 45,000 vilevile, mnunuzi alipata zote. Kama kiwanda kingelazimika kulishusha hadi 40,000, basi 5,000 kati ya zile 7,500 zilikuwa za kiwanda, na mnunuzi aliambulia 2,500. Na mgawanyo huo haukai mahali pamoja. Magari yakiwa machache na foleni ikiwa ndefu, kiwanda huvuta zaidi upande wake. Magari yakijaa uwanjani, mnunuzi ndiye mwenye nguvu. Ndiyo maana nafuu ileile, ya kiasi kilekile, inaweza kumnenepesha mwenye hisa mwaka huu na kumpita kabisa mwaka ujao.

Mambo haya si ya ng'ambo peke yake. Kiwanda cha magari ya umeme cha Kiira Motors kiko hapa kwetu Jinja. Vijana wanaomba mikopo ya pikipiki za umeme, nazo SACCO zinatakiwa kuamua. Kuna wanaonunua vipande vya hisa za Marekani kwa simu. Wote hawa wamefunga riziki yao kwenye kifungu cha sheria ya kodi, na wengi hawajakisoma.

Kwanza tuelewane maneno. Nafuu tunayoizungumzia hapa ni ile inayokatwa kwenye kodi yenyewe, si kwenye kipato kinachotozwa kodi. Ukipunguziwa kipato kwa dola 7,500 na kiwango chako cha kodi ni asilimia 22, umeokoa 1,650. Ukikatiwa kwenye kodi yenyewe, umeokoa 7,500 kamili. Lakini nafuu ile ya Marekani ilikuwa na ukuta: haikurudishwa kwa fedha taslimu. Mwalimu aliyedaiwa kodi ya dola 3,000 kwa mwaka alipata 3,000, zilizobaki zikapotea. Kuanzia Januari 2024 mnunuzi aliruhusiwa kumkabidhi muuzaji haki yake ya nafuu na kukatiwa bei papo hapo, na hapo ukuta ule ukaondoka kwa wenye kodi ndogo. Badiliko hilo la utaratibu tu, bila kuongeza hata senti moja kwenye kiwango, lilipanua kundi la wanunuzi. Mwekezaji aliyesoma kiwango akaacha utaratibu hakuliona.

Sasa tuangalie kwa karibu, maana hapa ndipo penye utamu. Sheria ya zamani, iliyofanya kazi tangu 2010, ilitoa dola 2,500 hadi 7,500 kulingana na ukubwa wa betri, lakini kila mtengenezaji aliwekewa kikomo cha magari 200,000. Akishafika hapo, nafuu yake huanza kukatwa nusu kwa nusu. Tesla, kampuni ya Marekani ya magari ya umeme, ilifika kikomo Julai 2018. Wateja wake wakabaki na 7,500 hadi mwisho wa mwaka, kisha 3,750 kuanzia Januari 2019, kisha 1,875 kuanzia Julai, kisha sifuri kuanzia Januari 2020. Mwanzoni mwa Januari 2019 Tesla ilishusha bei ya magari yake Marekani kwa dola 2,000. Pimeni hapo: 3,750 zilipoondoka, kiwanda kilibeba 2,000 na mnunuzi 1,750. Ni nadra sana kuona mgawanyo ukijitokeza wazi namna hiyo, na siku ile bei ya hisa ilianguka. Sehemu ya nafuu ilikuwa ya wenye hisa tangu mwanzo.

Sheria ile ilikuwa na kasoro moja nzito. Iliwaadhibu waliotangulia. Tesla na General Motors, zilizojenga soko mapema, zilibaki bila nafuu huku kampuni zilizochelewa zikiuza kwa 7,500 pungufu. Kwa maoni yetu huo ulikuwa mpango mbaya, na ndio sababu kikomo hicho kiliondolewa katika sheria iliyotiwa saini na Rais Biden tarehe 16 Agosti 2022.

Sheria mpya ikaja na masharti mengine. Gari liwe limeunganishwa Amerika Kaskazini. Nusu ya nafuu, 3,750, ikafungwa kwenye sehemu za betri, na nusu nyingine kwenye madini kama lithiamu, zikiangaliwa zimetoka wapi. Mnunuzi asiwe na kipato cha zaidi ya dola 150,000 kwa mwaka, au 300,000 kwa wanandoa wanaowasilisha kodi pamoja. Na bei ya gari isizidi 55,000 kwa gari dogo, au 80,000 kwa gari kubwa la familia na pikapu.

Kikomo cha bei kina nguvu kuliko kinavyoonekana. Mwanzoni mwa 2023 gari la Tesla liitwalo Model Y, la viti vitano, ilihesabiwa kuwa gari dogo, ilhali toleo lake la masafa marefu liliuzwa dola 65,990. Haikupata kitu. Katikati ya Januari Tesla ikaishusha hadi 52,990, yaani dola 13,000 kwa mkupuo, ikaingia chini ya mstari. Wiki chache baadaye wizara ya fedha ya Marekani ikabadili namna ya kugawa magari, Model Y ikahamia kwenye kundi la 80,000, na bei ikaanza kupanda tena kidogo. Fikirieni mtu aliyenunua gari hilo Desemba kwa 65,990, halafu Januari la jipya likawa 52,990 na juu yake nafuu ya 7,500. Thamani ya gari lake kuukuu ilianguka usiku mmoja. Kampuni za kukodisha magari na benki zilizoshikilia magari hayo kama dhamana zikaumia pia. Faida ghafi ya Tesla, ambayo mwaka 2022 ilikuwa asilimia 25.6 ya mauzo, ilishuka hadi 18.2 mwaka 2023. Kushuka huko kulikuwa na sababu nyingine pia, ushindani wa China ukiwemo, lakini mbio za kuingia chini ya mistari ya bei zilichangia.

Nafuu ya mnunuzi ndiyo inayotangazwa. Ziko mbili nyingine ambazo mwenye hisa anapaswa kuzijua zaidi.

Moja ni nafuu ya mtengenezaji. Kwa kila kilowati-saa (kipimo cha umeme ambao betri hubeba) ya seli za betri iliyotengenezwa Marekani na kuuzwa, kiwanda hupata dola 35. Kuziunganisha seli hizo kuwa moduli, yaani mafungu ya seli, ni dola 10 zaidi. Betri ya kilowati-saa 75 basi ina thamani ya 2,625 kwa seli na 750 kwa moduli, jumla 3,375, na fedha hizo haziandikwi popote kwenye stakabadhi ya mteja. Tazameni LG Energy Solution ya Korea Kusini. Mwaka 2024 ilitangaza faida ya uendeshaji ya won bilioni 575 hivi. Ndani yake mlikuwa na nafuu hiyo ya Marekani ya takriban won trilioni 1.48. Ondoa nafuu, kampuni ilipata hasara ya karibu won bilioni 900. Mtu aliyesoma ukurasa wa kwanza aliona faida. Aliyefika kwenye maelezo ya chini aliona kampuni inayohemea kwa pumzi ya sheria.

Nyingine si nafuu ya kodi kwa maana kamili, ila huchanganywa nayo kila siku. Serikali huweka kiwango cha moshi au cha matumizi ya mafuta. Kampuni inayoshindwa kukifikia hununua pointi za ziada kutoka kwa iliyokivuka. Tesla haitengenezi gari hata moja la petroli, kwa hiyo huuza pointi kila robo mwaka, na kuzitengeneza hakuigharimu karibu chochote. Mwaka 2024 iliingiza dola bilioni 2.76 kwa njia hiyo, wakati faida yake ya uendeshaji yote ilikuwa bilioni 7.1 hivi. Ford na wenzake ndio waliokuwa upande wa kulipa.

Kisha ikaja tarehe 4 Julai 2025. Sheria iliyotiwa saini na Rais Trump siku hiyo ilimaliza nafuu ya mnunuzi kwa magari yote yatakayonunuliwa baada ya tarehe 30 Septemba 2025, miaka saba kabla ya wakati uliokuwa umepangwa. Sheria hiyohiyo ikafanya faini ya kuvunja kiwango cha matumizi ya mafuta kuwa dola sifuri. Mtu asiyetozwa faini atanunua pointi za nini? Mapato ya Tesla kutokana na pointi yalikuwa dola milioni 739 katika robo ya tatu ya 2024. Robo ileile ya 2025 yalikuwa 417. Nafuu ya seli za betri ilibaki, ingawa iliwekewa masharti makali zaidi juu ya kampuni zenye mkono wa China.

Hapa kuna mtego ambao huwanasa wawekezaji kila nafuu inapokaribia kufa. Tarehe ya mwisho ikitangazwa, watu hukimbilia kununua. Robo ya tatu ya 2025 Tesla ilikabidhi zaidi ya magari 497,000 duniani, rekodi yake. Robo iliyofuata yalishuka hadi 418,000 hivi. Aliyeiona rekodi akanunua hisa, alinunua mauzo ya miezi ijayo yaliyovutwa mbele. General Motors ilitangaza mwezi Oktoba kwamba itaandika gharama ya dola bilioni 1.6 kwa kupunguza mipango yake ya umeme. Desemba, Ford ikatangaza gharama za bilioni 19.5 na kuachana na pikapu yake ya F-150 Lightning ya umeme mtupu. Idara ya umeme ya Ford ilikuwa tayari imepata hasara ya bilioni 4.7 mwaka 2023 na 5.1 mwaka 2024, nafuu ikiwa bado ipo! Kwa hiyo tusiseme nafuu ilipoondoka ndipo hasara ilipoanza. Nafuu ilikuwa inaifunika.

Ujerumani walifanya vibaya zaidi. Katikati ya Desemba 2023 walifunga ruzuku ya wanunuzi kwa notisi ya siku moja hivi, baada ya mahakama ya katiba kuwabana kwenye bajeti. Mwaka 2024 usajili wa magari ya umeme ulianguka kwa asilimia 27. Norwe walichagua mwendo mwingine: msamaha wa VAT (kodi ya ongezeko la thamani) uliowekewa kikomo cha kroni 500,000 mwaka 2023, kisha kushushwa hadi 300,000 kuanzia 2026. Mwenye kiwanda anaweza kupanga kazi yake kwa mwendo huo, na mwenye hisa anaweza kupiga hesabu. Kushuka polepole kunakojulikana mapema kuna faida kuliko nafuu kubwa inayokatwa ghafla, na tunawaomba wabunge wetu walikumbuke hilo.

Waliokuwa na hisa za Umeme, kampuni iliyosambaza nishati hapa nyumbani kwa mkataba wa serikali, hawahitaji kusimuliwa maana ya tarehe. Mkataba huo wa miaka 20 ulifika mwisho Machi 2025, na kila aliyeshika hisa ile alijua kwamba thamani yake ilitegemea karatasi moja ya serikali.

Kwa wanaonunua hisa za nje, kazi ni hii. Fungua taarifa ya mwaka ya kampuni. Za Marekani zinapatikana bure kwenye tovuti ya mamlaka ya masoko ya mitaji ya huko. Pointi za moshi za Tesla zina mstari wake ndani ya mapato, utauona. Nafuu ya betri haina mstari: huingizwa kama punguzo la gharama za uzalishaji, kwa hiyo ukurasa wa mapato utakuonyesha tu gharama zilizoshuka, na utadhani kiwanda kimekuwa hodari. Itafute kwenye maelezo ya hesabu. Ukishaipata, toa zote mbili kwenye faida kabla ya kodi, uone kinachobaki. Baada ya hapo andika tarehe ambayo kila nafuu inakwisha. Kwa seli za betri, kiwango kinashuka hadi asilimia 75 mwaka 2030, 50 mwaka 2031, 25 mwaka 2032, kisha basi. Jambo lingine ambalo mawakala wa simu hawalitaji sana: Uganda haina mkataba wa kodi na Marekani, kwa hiyo gawio la hisa za Ford au General Motors hukatwa asilimia 30 huko huko. Kati ya dola 100 unapokea 70. Tesla haitoi gawio kabisa.

Sasa turudi nyumbani, na hapa naomba tutulie kidogo.

Sheria yetu ya VAT imesamehe magari ya umeme yanayotengenezwa nchini, pamoja na huduma ya kuyachaji, hadi tarehe 30 Juni 2028. Watu husikia neno "msamaha" wakapiga makofi. Lakini katika VAT, kusamehewa na kutozwa kiwango cha sifuri ni vitu viwili tofauti, na tofauti yake ni fedha halisi. Bidhaa ya kiwango cha sifuri humruhusu mtengenezaji kudai URA, mamlaka yetu ya mapato, irudishe VAT aliyolipa kwenye vifaa vyake. Bidhaa iliyosamehewa haimruhusu.

Chukulia fundi anayeunganisha pikipiki za umeme. Kwa kila pikipiki ananunua hapa nchini vyuma, nyaya, rangi na usafiri vya shilingi 2,000,000, na juu yake VAT ya asilimia 18, yaani 360,000. Kama pikipiki ingekuwa ya kiwango cha sifuri, zile 360,000 angezidai. Kwa kuwa imesamehewa, zimezama ndani ya gharama, na atazipeleka kwenye bei. Mwanabodaboda asiyesajiliwa VAT bado anapata unafuu, maana bila msamaha angelipa 18 juu ya bei nzima. Lakini kampuni ya kusambaza mizigo iliyosajiliwa VAT haipati kitu. Ingetozwa, ingeidai yote. Sasa inabeba 360,000 zilizofichwa ambazo hakuna wa kuzirudisha. Kwa hiyo mtengenezaji anayetegemea kuuzia makampuni anaumizwa na msamaha uleule uliokusudiwa kumsaidia. Ukimwona anakuja SACCO kuomba mtaji, muulize wateja wake ni kina nani. Jibu hilo litakuonyesha kama msamaha uko upande wake.

Kuna na suala la Juni. Bajeti yetu husomwa mwezi huo na mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Miswada ya kodi hufika Bungeni kuanzia mwishoni mwa Machi, na tangu hapo wateja huanza kungoja kama kutakuwa na punguzo. Mfanyabiashara aliyejaza pikipiki 40 ghalani mwezi Aprili kwa mkopo wa riba ya mwezi anaweza kukaa nazo miezi mitatu. Mkopo wa bidhaa za namna hii ni bora utolewe Julai.

Kuhusu magari kuukuu kutoka Japani yanayopitia Mombasa: mnunuzi wa kwanza kule akipata ruzuku ya serikali hufungwa kulishika gari kwa miaka mitatu au minne, akiliuza mapema anadaiwa kurudisha sehemu. Kwa hiyo ruzuku ya Japani ya leo huonekana Mombasa baada ya miaka kadhaa, magari ya umeme yakiongezeka kwa mafungu na bei kushuka. Anayekopesha kwa dhamana ya Nissan Leaf asiangalie mwaka peke yake. Upande wa kulia wa dashibodi kuna vijistari 12 vya uwezo wa betri. Cha kwanza hupotea betri ikiwa imepungua kwa takriban asilimia 15. Vikiwa vimebaki 8, masafa yamepungua kwa zaidi ya theluthi, na dhamana yako ni bodi yenye betri ya kubadilisha.

Pikipiki za kubadilishiwa betri zina hesabu yake. Mara nyingi mwanabodaboda anamiliki pikipiki, betri ni ya kampuni, naye hulipa kila anapobadilisha. Sasa tuseme SACCO imetoa mkopo wa miezi 36 mwezi Januari 2027. Miezi 18 ya kwanza iko ndani ya msamaha wa VAT, 18 ya mwisho iko nje. Msamaha usipoongezwa, mambo mawili yatatokea kwa pamoja. Pikipiki mpya zitapanda bei, na hilo litapandisha thamani ya ile uliyoishika kama dhamana. Lakini huduma ya kubadilisha betri nayo inaweza kuongezewa asilimia 18, na hiyo humkata mkopaji kila siku ya kazi. Anayelipa shilingi 10,000 kwa siku kubadilisha betri atalipa 11,800. Kwa siku 26 za mwezi ni 46,800 zaidi. Linganisheni kiasi hicho na rejesho lake la mwezi kabla ya kusaini.

Kwenye fomu ya mkopo, tunawaomba muongeze nafasi mbili: betri ni ya nani, na mkopaji atabakiwa na kiasi gani kwa mwezi kama kubadilisha betri kutapanda kwa 18 kuanzia Julai 2028. Kama jibu la pili liko chini ya rejesho, fupisheni mkopo uishe kabla ya tarehe hiyo, au punguzeni kiasi.

Mwenyekiti, muda niliopewa umefika. Niko tayari kwa maswali.